PINE MPYA, VALVU YA ZAMANI: NI SHAURI GANI?



Safari hii ukurasa wa ufundi unasema juu ya kitu chenye urefu wa sentimita 4 hivi, ambacho kila mmoja wetu amekiona na wachache tu wamekifikiri. Ni valvu, ile midomo midogo ya mpira inayotokea kwenye janti, pale tunapoweka pompi. Tumeichagua kwa sababu hii: hapa Makiso, na vilevile Mangobo, Kabondo, Tshopo na ng'ambo kule Lubunga, mtu anaweza kukusanya feza miezi mingi ili anunue mapine mapya ya motokari yake. Anayapeleka kwa papa kwado, mapine yanavaliwa, anashukuru Mungu, anaondoka. Lakini valvu imebaki ile ile ya zamani. Kisha juma moja au mawili pine mpya inaanza kulala usiku, na mwenyewe anasema ati amedanganywa dukani. Kumbe pine haina kosa.

Basi tuulize: valvu ni nini? Inachoka namna gani? Na je, ni lazima kuibadilisha kila mara pine inapobadilishwa?

1. VALVU INAFANYA KAZI NAMNA GANI

Valvu ni mlango wa njia moja. Hewa inaingia, lakini haitoki pasipo ruhusa. Ina sehemu tatu. Ya kwanza ni mwili, yaani bomba la shaba lililovikwa mpira. Ya pili ni moyo wake, kile kipande chembamba kilicho ndani, ambacho makwado wanakiita kwa Kifaransa obus. Ya tatu ni kofia, au bushoni.

Ndani ya moyo muna spiringi ndogo na kizibo cha mpira. Spiringi inavuta kizibo kifunge. Hewa ya ndani ya pine nayo inakisukuma kifunge zaidi. Kwa hiyo pine ikijaa sana, mlango unakaza zaidi wenyewe. Wakati wa kupiga pompi, hewa ya nje inakuwa na nguvu kuliko ya ndani, nayo inafungua mlango. Ukiacha, mlango unajifunga.

Wale wenye velo ya toleka wanajua valvu ya namna nyingine, ile yenye kampira kembamba kanachovikwa juu ya kipande cha chuma chenye tundu. Ile ni ya ukoo wa zamani sana. John Boyd Dunlop alitengeneza pine ya hewa kule Belfast mwaka 1888, kwa ajili ya velo ya mtoto wake. Ilipofika 1893, valvu yenye moyo wa spiringi, ile ya nyumba ya August Schrader, Mjerumani aliyehamia New York, ilipata hati. Mpaka leo tunaitumia ile ya Schrader kwa pikipiki, kwa motokari na kwa kamiyo. Ndiyo maana pompi moja inaweza kuhudumia zote tatu.

2. NANI ANA SHAMBRE, NANI HANA

Hapa wengi wanachanganya, kwa hiyo tuende polepole.

Pine yenye shambre: hewa iko ndani ya shambre, na valvu imebandikwa kwa moto juu ya shambre yenyewe. Ukibadilisha shambre, umebadilisha na valvu. Ndivyo ilivyo kwa velo, kwa pikipiki nyingi zenye janti ya rayoni, na kwa kamiyo nyingi. Janti ya rayoni ina matundu mengi, haiwezi kushika hewa pasipo shambre.

Pine isiyo na shambre: hewa inashikwa na pine pamoja na janti. Valvu haiko juu ya pine. Iko kwenye tundu la janti, nayo inaziba lile tundu. Motokari karibu zote ndogo za siku hizi ni hivi, na pikipiki zenye janti nzima ya kuyeyushwa mara nyingi ni hivi pia. Pine ikitoka, valvu inabaki kwenye janti. Hapo ndipo shauri letu linaanzia, kwa sababu mtu anaweza kuvaa mapine matatu, moja nyuma ya lingine, na valvu ikabaki moja tu kwa miaka yote ile.

3. INACHOKA NAMNA GANI

Mpira ni kitu kinachozeeka hata kama hakifanyi kazi. Hewa ina kitu kinachoitwa ozoni, kidogo sana, lakini kinakula mpira, zaidi mpira uliovutwa au kukunjwa. Jua linasaidia, joto linasaidia. Sisi hapa Kisangani tuko karibu juu ya mstari wa ikweta, nusu digri tu kaskazini yake, na joto halitupi likizo. Tena freni ziko karibu na janti, nazo zinaipasha moto. Hivi mpira wa valvu unakauka, unakuwa mgumu, halafu unafanya nyufa ndogo ndogo. Nyufa hizo zinapenda kuanza pale chini, mahali valvu inapotoka kwenye janti, maana ndipo inapokunjika.

Sasa tutumie hesabu za fizika, zisibaki darasani tu. Tundu la valvu katika janti ya motokari ndogo lina upana wa milimita 11,5. Eneo lake ni karibu sentimita mraba 1,04. Pine ikiwa na kilo 2,2 za hewa kwa kila sentimita mraba, hewa inaisukuma ile valvu kutoka nje kwa nguvu ya kilo 2 na kidogo, usiku na mchana, hata motokari ikilala kwenye kivanda.

Halafu kuna mzunguko. Tuseme pine ina nusu-kipenyo cha sentimita 30, na valvu iko sentimita 17 kutoka katikati. Kwa mwendo wa kilometa 60 kwa saa, gurudumu linazunguka karibu mara 9 kwa kila sekunde moja. Ukihesabu, unaona kwamba valvu inavutwa kwenda nje kwa nguvu inayopita uzito wake mara 50 hivi. Tukikadiria valvu ina gramu 10, ni kama umeitundikia nusu kilo. Kwa kilometa 100 kwa saa, nguvu inafika kilo 1 na nusu. Motokari ikisimama, valvu inarudi. Ikiondoka, inainama tena. Fikiri miaka mitano ya kuinama na kurudi, pamoja na joto na ozoni. Ni ajabu kwamba inavumilia hivyo.

Tena kuna udongo wetu. Kofia ikipotea, matope mekundu na mchanga vinaingia mpaka kwenye moyo wa valvu. Siku ya kupiga pompi, hewa inausukuma ule mchanga ndani ya mlango, na mlango haufungi sawasawa tena. Kipande cha sashe kilichofungwa kwa uzi si kofia. Kofia nzuri ina kampira ndani yake, nayo ni mlango wa pili nyuma ya mlango wa kwanza.

4. NENO LA HISTORIA

Haifai sisi watu wa Kongo tuseme juu ya mpira kama kitu cha wageni tu. Ile kazi ya Dunlop ilipofanikiwa, dunia nzima ilitafuta mpira. Katika nchi yetu, chini ya utawala wa mfalme Leopold II wa Ubelgiji, wazee wetu walilazimishwa kuingia porini kukata kamba za mpira, na walioshindwa kufikisha kipimo waliteswa, wengine waliuawa, wengine walikatwa mikono. Mwaka 1904, kule Baringa, mmisionari Mprotestanti Alice Seeley Harris alipiga picha ya baba mmoja, Nsala, akiangalia mkono na mguu wa binti wake mdogo. Picha kama ile zilifungua macho ya watu wa Ulaya na Marekani, na mwaka 1908 mfalme aliiacha Kongo mikononi mwa serikali ya Ubelgiji. Kwa hiyo pine ya velo ya zamani ina damu katika historia yake. Tunalitaja ili tusidharau mpira, wala kazi ya yule anayeutengeneza.

5. HATARI IKO WAPI

Mtu atasema: valvu ikivujisha kidogo, nitapiga pompi asubuhi, shauri limekwisha. Apana. Hatari iko katika kile kidogo.

Pine yenye hewa kidogo inakunjika sana kwenye mbavu zake kila inapozunguka. Kukunjika kunazaa joto. Joto linalegeza nyuzi na mpira ndani ya pine, pahali jicho halioni. Tena pine iliyolegea haishiki njia vizuri, freni zinavuta upande mmoja, na katika kona motokari inakwenda kama mlevi. Sasa weka juu yake mzigo wetu wa kawaida: mifuko ya makala, mikungu ya ndizi, mabidoni ya mafuta ya mawese, na mama watano wenye watoto. Peleka yote hayo kwenye njia ya Banalia na Buta, au ya Bafwasende, au ya Lubutu. Pine ikipasuka pale, si shauri la feza tena, ni shauri la watu.

Na ikiwa valvu inakatika kabisa pale chini, hewa yote inatoka kwa muda mfupi sana, tena mbio zaidi kuliko msumari uliobaki ndani ya pine.

Kwa pikipiki yenye shambre kuna hatari ya namna yake. Hewa ikipungua, pine inateleza kidogo juu ya janti na kuivuta shambre pamoja nayo. Lakini valvu imeshikwa na tundu la janti. Basi inainama, halafu inang'oka penye shina. Ukiona valvu ya pikipiki imelala upande, haisimami tena wima, usiseme ni kawaida. Toa hewa, panga shambre upya, piga pompi sawasawa. Na ile nati ndogo ya valvu isikazwe kwa nguvu juu ya janti, maana itasaidia kuing'oa.

6. NAMNA YA KUBADILISHA

Hii ni kwa motokari yenye pine isiyo na shambre. Wenzetu wanaofanya kazi kwa kwado wakati wa likizo wasome vizuri.

Kwanza, fungua moyo wa valvu kwa ufunguo wake, hewa yote itoke. Usianze kung'oa pine ikiwa na hewa bado, na usilete uso wako mbele ya valvu.

Pili, pine ikiisha kutoka, kata valvu ya zamani kwa kisu upande wa ndani, kisha ivute. Haina faida kuiokoa. Valvu iliyong'olewa hairudishwi.

Tatu, safisha tundu la janti. Toa kutu kwa brosi au karatasi ya msasa, pande zote mbili. Pitisha kidole: ukingo ukikwaruza, utakata mpira mpya. Watu wengi wanaruka neno hili, halafu wanalaumu valvu.

Nne, hakikisha kipimo. Kwa tundu la milimita 11,5 valvu inayotumika zaidi imeandikwa TR413. Kuna tundu kubwa zaidi, karibu milimita 16, nalo lina valvu yake, TR415. Valvu ndogo katika tundu kubwa haiwezi kukaa.

Tano, paka valvu maji ya sabuni. Usitumie mafuta ya motere wala esansi, kwa sababu vinaharibu mpira.

Sita, ingiza valvu kutoka ndani ya janti na uivute nje kwa chombo chake mpaka iruke na kukaa. Utaisikia. Angalia pande zote kama mfereji wake umeshika ukingo wa tundu sawasawa.

Saba, vaa pine. Wakati wa kuingiza chuma cha kuvalia, kaa mbali na valvu, usije ukaikata siku ile ile. Pine mpya ikiwa na alama ya duara ya manjano, ielekeze kwenye valvu: alama ile inaonyesha upande mwepesi wa pine, na valvu inaongeza uzito kidogo upande wa janti.

Nane, jaza hewa kwa kipimo kilichoandikwa kwa motokari ile, mara nyingi kwenye mlango wa shofere. Pima kwa manometre, si kwa teke la mguu. Kisha mwaga maji ya sabuni juu ya moyo na kuzunguka shina. Povu likitokea, kazi haijaisha.

Tisa, funga kofia.

7. SI VALVU ZOTE NI MOJA

Valvu ya mpira tuliyoeleza ina mwisho wake: haifai kupita kilo 4,5 za hewa hivi. Kamiyo inayohitaji kilo 7 au 8 ina valvu ya chuma inayokazwa kwa nati. Hiyo ya chuma haitupwi kila mara. Ikiwa nzima, badilisha vimpira vyake vya kuzibia na moyo wake, basi. Busi ndogo zinazobeba sana zinataka valvu ya mpira iliyofanywa kwa nguvu kubwa, tusiwavalie ile ya motokari ya kawaida.

Pia motokari za mitumba zinaletwa zikiwa na kitu kipya: kwenye shina la valvu, upande wa ndani, kumefungwa kisanduku kidogo chenye pile ya umeme, kinachopima hewa na kumwambia shofere. Marekani iliamuru motokari mpya ndogo ziwe na namna ya kumwonya shofere hewa ikipungua tangu mwaka 2007, na nchi za Umoja wa Ulaya kwa motokari ndogo mpya zote tangu 2014. Kwado asiyejua anaweza kukivunja kwa chuma chake. Ukiona valvu ya chuma kwenye motokari ndogo, uliza kwanza. Na moyo wake uwe ule mweupe uliopakwa nikeli, kwa sababu shaba tupu ndani ya aluminiamu inaleta kutu, na siku moja hautafunguka tena.

8. WENGINE WANASEMA...

Tumesikia maneno mawili yanayopinga, nayo yana akili ndani yake.

La kwanza: "Valvu ya zamani ni ya nguvu, hizi mpya ni za bandia." Ni kweli kwamba mpya si lazima iwe nzuri. Mwaka 2008, kule Marekani, mamilioni ya valvu za mpira zilizotengenezwa China yalirudishwa, kwa sababu yalikuwa yakipasuka pale pale chini, kabla ya wakati. Lakini dawa yake ni kuchagua vizuri, si kubaki na kitu kilichozeeka. Kabla ya kununua, ikunje valvu kwa vidole: isionyeshe hata ufa mmoja. Mpira uwe laini, usiache unga mkononi. Kipimo kiwe kimeandikwa. Shaba iwe imenyooka, na moyo uwe ndani.

La pili: "Feza iko wapi?" Hapa tuseme wazi. Bei ya valvu ni ndogo sana ukiilinganisha na bei ya pine. Lakini shofere analeta hesabu yake kila jioni kwa mwenye motokari, na kila franka anayoongeza kwa kwado inatoka katika chakula cha watoto wake. Mwenye motokari naye hayuko pale kuona. Kwado anaogopa kupoteza mteja, ananyamaza. Watu watatu, kila mmoja ana sababu yake, na abiria hajui lolote. Tunafikiri mwenye kununua pine ndiye anayepaswa kununua na valvu, siku moja, duka moja. Na kwado aseme ukweli, hata mteja akikasirika.

Je, ni lazima kila mara? Kama pine imetoka kwa ajili ya msumari tu, na valvu ina miezi michache, iangalie, ikunje, ipime kwa sabuni, iache. Lakini ukivaa pine mpya, badilisha. Pine ile itakaa miaka, na valvu haiwezi kufikiwa pasipo kuing'oa pine tena, na kulipa kazi mara ya pili.

9. NENO LA MWISHO

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorinto juu ya viungo vya mwili, kwamba vile vinavyoonekana dhaifu ndivyo vinavyohitajiwa. Na Bwana wetu, katika Luka 16:10, anafundisha juu ya uaminifu katika neno dogo. Kwado anayebadilisha valvu pasipo kuangaliwa na mtu, huyo amelinda watu asiowajua majina. Mwanafunzi anayejifunza kazi ile aifanye hivyo hivyo.

Wiki hii fanyeni jambo moja. Papa, yaya au jirani mwenye motokari akikubali, kunja valvu zake polepole kwa kidole gumba na uangalie pale chini. Ukiona nyufa, mwambie kwa heshima. Na akienda kuvaa pine mpya, amwombe kwado amtilie valvu ya zamani mkononi. Hapo atajua imebadilishwa.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa sababu gani pine ikijaa hewa mlango wa valvu unakaza zaidi?
2. Tundu la valvu lina eneo la sentimita mraba 1,04. Hewa ikiwa kilo 4 kwa sentimita mraba, inasukuma valvu kwa nguvu gani?
3. Valvu ya pikipiki yenye shambre imelala upande. Kumetokea nini?
4. Ni maji gani yanafaa kulainisha valvu, na ni vitu gani viwili havifai?

MAJIBU: 1. Hewa ya ndani inakisukuma kizibo kifunge. 2. Kilo 4 na kidogo (4,16). 3. Hewa imepungua, pine imeteleza na kuivuta shambre. 4. Maji ya sabuni. Hayafai mafuta ya motere wala esansi.